Ndimu Umeiweka Wapi? Dalili, Chanzo na Tiba ya Sarafu na Vibati vya Vita Vilivyookotwa Ufuoni

Maji ya bamvua yakitoka mbali, ufuo wa Ras Kazone hapa Tanga hutema vitu. Aghalabu ni vigae na vizibo vya soda. Mara moja moja ni kifungo cha shaba, kibati chenye namba, au sarafu yenye taji na herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani). Wala si ajabu. Novemba 1914 jeshi la Waingereza na Wahindi, watu wapatao 8,000, liliteremka hapa, likapigwa na askari wa kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck, na tarehe 5 likarudi merikebuni likiacha nyuma mamia ya bunduki, bombomu 16 na risasi 600,000. Vingine vilivyodondoka mifukoni na kwenye sare hakuna aliyevihesabu.

Anayeokota hukimbilia nyumbani, na jambo la kwanza anakata ndimu. Tumekua tukiona sinia za shaba zikisuguliwa kwa ndimu na chumvi, au kwa ukwaju na majivu, zikatoka zinawaka. Nami nilifanya hivyo hivyo kwa hela ishirini iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916. (Ndiyo, hela: neno letu la fedha limetoka kwenye heller ya Mjerumani.) Ndani ya dakika kumi ilikuwa inang'aa kama kitasa kipya. Baada ya wiki tatu kabatini ilikuwa na chunusi za kijani kibichi, na ukiigusa inaacha unga kidoleni. Nilikuwa nimeongeza asidi na chumvi kwenye kitu kilichokuwa tayari kinaliwa na chumvi.

Basi kila utakachosoma hapa chini kimesimama juu ya jambo moja: uchafu unaouona si ugonjwa. Ugonjwa ni chumvi ya bahari iliyojipenyeza ndani ya metali kwa miaka mia, na hiyo haitoki kwa kusugua. Hutoka kwa maji na subira.

Kabla hujafungua mfuko

Ikiwa ulichookota ni risasi ambayo kichwa bado kimo kwenye ganda, au kitu chochote chenye umbo la kombora, fyuzi au bomu la mkono, usikioshe wala usikigonge. Usikipeleke kwa sonara pia. Kiache kilipo, weka alama, wapigie polisi. Baruti ya zamani haizeeki ikawa salama. Ganda tupu lililobonyezwa kitako na pini halina neno.

Ukikuta mifupa pamoja na vifungo, hapo ni kaburi. Acha kuchimba, katoe taarifa.

Dalili: kilikuwa kizuri mchangani, kimeanza kupasuka mezani

Hii humpata zaidi aliyeokota chuma: bizimu ya mkanda, kitako cha kisu, kifungo cha bati. Ulikianika juani kikauke, siku ya pili kinamenyuka magamba. Chumvi ikikauka hugeuka fuwele, na fuwele zikikua ndani ya vitundu huinua metali kutoka ndani, kama mzizi unavyoinua saruji.

Tiba ni kutoruhusu kikauke tangu mwanzo. Nenda ufuoni na chupa pana yenye mfuniko. Kikitoka kwenye maji ya bahari, kiingie maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, saa hiyo hiyo. Shaba na fedha huvumilia zaidi, ila nazo ziweke majini. Metali tofauti zisilale chombo kimoja. Chuma na shaba zikigusana ndani ya maji yenye chumvi hufanya kazi kama betri, na anayeliwa ni chuma.

Maji gani? Ya bomba au ya mvua yanatosha kwa siku za mwanzo, mradi uyabadilishe kila siku. Maji ya kisima cha pwani yaonje kwanza: yakiwa na munyu hayafai, na kuyachemsha hakuondoi chumvi hata chembe, kunaizidisha. Baada ya wiki hamia kwenye maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya betri za gari. Soma chupa vizuri. Dukani huwa zimepangwa bega kwa bega, ya maji na ya asidi, na nimewahi kumzuia kijana aliyekuwa tayari anamimina ya pili.

Dalili: donge gumu jeupe, sura haionekani

Hiyo ni chokaa ya matumbawe na mchanga vilivyoshikana na kutu. Kishawishi ni siki. Siki huyeyusha chokaa kweli, lakini ikimaliza haiagi. Inaendelea kwenye shaba yenyewe, nawe huoni kwa sababu donge limefunika. Loweka kwenye maji baridi wiki mbili au tatu. Kisha, kikiwa bado kimelowa, tumia kijiti cha meno au mwiba wa mlimao chini ya miwani ya kukuzia, ukisukuma kutoka katikati kwenda pembeni, usichokoe kwenda chini. Mahali pasipotoka leo paache. Sarafu yenye donge upande mmoja na sura safi upande wa pili ni bora kuliko sarafu iliyochubuliwa kotekote.

Dalili: kijani

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa kuwa kijani kiko cha aina mbili.

Cha kwanza ni kizito, kinateleza, kimekaa kama rangi ya mafuta. Huenda kikawa kijani cha jani la mwembe au kahawia. Ukikigusa kwa ncha ya kijiti hakitoki. Hiyo ni ngozi ya sarafu, imejijenga kwa miongo na ndiyo inayoilinda. Herufi ndogo zimehifadhiwa ndani ya ngozi hiyo, si chini yake. Ukiibandua, unabandua herufi. Mnunuzi anayejua kazi yake hulipa zaidi kwa ngozi nzuri kuliko kwa mng'aro.

Cha pili ni hafifu, kama rangi ya ndani ya parachichi, kina unga, kinatokea kwa vidoa vinavyovimba. Huo ni ugonjwa wa shaba. Chumvi imeungana na shaba ndani kabisa, na kila unyevu wa hewa unapoingia, muungano huo hutoa asidi inayokula shaba nyingine, na mzunguko unaanza upya. Hewa ya Tanga, Mombasa na Unguja haina shida kuulisha. Sarafu yangu ya ndimu ilikuwa na huu.

Tiba yake imo jikoni, lakini si ile uliyodhani. Wahifadhi wa makumbusho hutumia kiyeyusho cha seskwikaboneti ya sodiamu. Na magadi tunayopikia maharage, yale mawe ya Ziwa Natron na Ziwa Magadi, kwa asili ni chumvi hiyo hiyo! Nilipojua hivyo nilifurahi, nikatumbukiza sarafu kwenye maji ya magadi ya sokoni, nikaharibu nyingine. Magadi ya sokoni huja na chumvi ya kawaida ndani yake, kwa hiyo unatoa chumvi kwa mkono wa kulia na kuirudisha kwa wa kushoto.

Tengeneza safi mwenyewe. Nunua baikaboneti ya kupikia, si beking pauda, maana hiyo ina asidi. Chukua sehemu, ieneze kwenye sufuria kavu isiyo ya alumini, oka kwenye oveni kwa nyuzi 200 kwa saa moja. Itapungua uzito kwa zaidi ya theluthi. Iliyobaki ni kaboneti, kali kidogo, usiishike kwa mkono mtupu. Kwenye lita moja ya maji yaliyokenekwa tia gramu 4 za baikaboneti ambayo haikuokwa na gramu 5 za iliyookwa. Laza sarafu humo, badilisha maji kila wiki. Miezi miwili si mingi. Baadhi ya vitu huchukua mwaka. Maji yakigeuka samawati, shaba yenyewe imeanza kuyeyuka: punguza nguvu nusu, au rudi kwenye maji matupu.

Utajuaje umepona? Suuza siku kadhaa, kausha kwa kitambaa na feni, kisha ifungie kwenye chupa ya jemu juu ya kizibo, chini yake pamba iliyolowa, sarafu isiguse maji. Iache siku mbili. Unga ukichomoza, irudishe kwenye maji ya dawa. Usipochomoza, ihifadhi kavu.

Dalili: umeosha shaba ya njano, imetoka nyekundu au waridi

Shaba ya njano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na bahari hula zinki kwanza. Kinachobaki juu ni shaba nyekundu yenye vitundu, dhaifu kama sponji. Hakuna dawa ya kuirudisha. Unachoweza ni kuacha kusugua, kwa sababu kila unaposugua unamomonyoa sponji hiyo.

Jambo hili linagusa mfuko. Hela ishirini za Tabora zilitengenezwa za shaba ya njano na za shaba nyekundu, kwenye karakana ya reli, mwaka ule ule wa 1916 kabla ya Wabelgiji kuuchukua mji mwezi Septemba. Nyekundu ni chache kuliko njano. Nimeona watu wakiuza ya njano iliyopoteza zinki kwa jina la nyekundu, wengine bila kujua. Tafuta kovu la zamani ukingoni, uliangalie kwa kioo: chini ya wekundu, je, kuna unjano? Usitengeneze kovu jipya ili upate jibu.

Dalili: fedha imekuwa nyeusi, au ya kijivu yenye magamba

Weusi mwembamba kwenye rupia ya fedha ni salfa. Njia ya karatasi ya alumini, baikaboneti na maji ya moto huutoa, nami naikubali kwa rupia nzima nzima ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ile yenye mfalme wao Wilhelm na kofia yake ya tai, kwa kuwa ni fedha ya sehemu 917 kwa 1,000. Dakika moja, suuza, tazama, basi. Kijivu kizito kinachokatika kama ukucha ni kitu kingine, ni fedha iliyokwisha kugeuka, na ukiitoa inaondoka na sura ya mfalme.

Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, ya kuanzia 1921 hadi 1946, ina robo tu ya fedha. Baharini sehemu kubwa ya mchanganyiko huliwa na sarafu hutoka na madoa mekundu na kijani. Itibu kama shaba.

Dalili: unga mweupe

Tambua metali kwanza, maana unga mweupe una wazazi watatu. Kitu kikiwa chepesi kama kipande cha sufuria, ni alumini. Kikiwa kizito ajabu na laini kiasi cha ukucha kuacha alama, ni risasi, ile metali yenyewe: vaa glavu, usikitie siki, usikiache karibu na watoto. Kikiwa katikati, huenda ni zinki.

Alumini na zinki zisikaribie dawa ya seskwikaboneti niliyoitaja. Ile ni dawa ya shaba. Kwa hizi ni sumu, zinaweza kutoboka. Maji yaliyokenekwa tu, kausha, basi. Wakoloni wenyewe walijifunza kwa gharama: senti za alumini za Afrika Mashariki na Uganda za 1907 na 1908 ziliharibika haraka kwenye hali ya hewa yetu, wakahamia mchanganyiko wa shaba na nikeli. Ukiokota moja ufuoni ikiwa bado inasomeka, una bahati kuliko unavyodhani.

Dalili: kibati kimevimba na kuachana tabaka

Hicho si metali. Tangu 1916 askari wa Uingereza walivaa vibati viwili vya nyuzi zilizoshindiliwa, kimoja cha kijani chenye pembe nane na kingine chekundu cha duara, na vita vya pili vilivikuta hivyo hivyo. Kabla yake, kuanzia 1907, kulikuwa na cha alumini. Cha nyuzi kikitoka kwenye mchanga mkavu kisiloweshwe kabisa. Brashi laini tu. Kikitoka majini, suuza kwa maji baridi upesi, kikaushe polepole kivulini katikati ya karatasi za kunyonya zilizobanwa na kitabu kizito, ukibadilisha karatasi kila siku.

Kibati chenye jina au namba ya mtu usikihesabu kama sarafu. Jina, namba na kikosi vinaweza kumwongoza mtafutaji kwenye kumbukumbu za jeshi na hata kwa familia. Chenye namba tupu nacho usikitupe: mpagazi wa Carrier Corps, jeshi la wabeba mizigo lililoacha jina la Kariakoo, aliandikishwa kwa namba.

Dalili: ilikuwa salama miaka miwili, sasa inanata

Angalia ulipoihifadhi. Mifuko laini ya plastiki yenye harufu ya pazia la bafuni hutoa asidi taratibu, na sarafu huota utando wa kijani unaonata. Ioshe kwa asetoni safi kutoka duka la kemikali, dirisha wazi, moto mbali. Dawa ya kufutia rangi ya kucha ina mafuta na manukato, haifai. Kosa la pili ni mafuta ya nazi. Yanapendeza siku ya kwanza, halafu yanachacha, na uchachu wake hula shaba. Ukitaka kinga, tafuta nta maalumu ya wahifadhi. Usipoipata, acha tupu ndani ya kopo lisiloingiza hewa pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, uvibadilishe vikishiba unyevu.

Sasa thamani. Dalili: mnunuzi ametaja bei ya kuchekesha

Huenda anakupunja. Huenda pia yuko sahihi. Hela ishirini za Tabora zilitoka zaidi ya milioni moja, na iliyoliwa na bahari ina wanunuzi wachache. Ganda la risasi lisilo na alama, pesa ya Kampuni ya 1890 hadi 1892 iliyosagika, kifungo kisichosomeka: hivi ni kumbukumbu, si mtaji. Bei inayoombwa mtandaoni si bei inayolipwa, kwa hiyo tazama minada iliyokwisha, na utafute kitu chenye hali kama chako, si kile kinachong'aa kwenye picha ya jalada.

Kinachopandisha ni usomekaji. Kwenye hela ishirini chukua kioo utazame neno HELLER. Ncha za zile L mbili hazifanani sarafu hadi sarafu: kuna ambazo zote zimechongoka, kuna ambazo zote zimejipinda, na kuna ambayo ni L ya pili tu iliyojipinda. Upande wa pili, taji lipo kubwa na lipo dogo. Wakusanyaji hulipia tofauti hizo. Sasa fikiria unene wa ncha ya L, chini ya unene wa uzi, na fikiria majivu na ukwaju vikipita juu yake mara ishirini. Ya kwangu ya ndimu haijulikani tena ni ya kundi lipi.

Kwa fedha na dhahabu, jua sakafu ya bei kabla hujamfuata mtu. Rupia ina uzito wa gramu 11.66, ndani yake fedha safi karibu gramu 10.7 kama haijaliwa. Shilingi ya simba ina chini ya gramu 2. Beba mizani ya sonara ya tarakimu mbili baada ya nukta, si ya sukari.

Medali igeuze utazame ukingoni kabla ya kitu kingine. Medali nyingi za Uingereza za vita vya kwanza zimechorwa namba, cheo, jina na kikosi cha aliyepewa, nyota ya 1914-15 ikiwa nayo mgongoni. Maandishi hayo ndiyo thamani. Usiyajaze chaki yaonekane kwenye picha. Yamulike kwa taa kutoka ubavuni.

Na kwenye lebo ya ulichookota usiandike tu "Tanga". Andika siku, sehemu ya ufuo, maji yalikuwaje, kilikuwa kina gani, pamoja na nini. Kifungo cha kikosi cha Kihindi chenye maelezo hayo kina hadithi inayouzika na inayoweza kuaminiwa. Bila maelezo ni kifungo.

Kuna na sheria, nayo huanza kufanya kazi kabla ya mnunuzi. Tanzania Bara, kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863 ni masalia ya kale. Kenya, kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 ni cha kale. Zanzibar ina sheria na idara yake. Pesa ya mizani ya Sultan Barghash ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, haimo kwenye mpaka wa Bara lakini ukiiokota Mombasa imo. Ulizia Idara ya Mambo ya Kale, au Fort Jesus kwa walio Kenya, kabla ya kuuza, na hasa kabla ya kusafirisha nje.

Dalili: umeokota tembo wa dhahabu

Hadithi za mali ya Mjerumani hazijawahi kuisha, na wanaoziuza hawajawahi kukosa wateja. Sarafu ya rupia 15 yenye tembo, Tabora 1916, ipo kweli: zilitengenezwa elfu kumi na kitu tu, kwa dhahabu ya Sekenke. Lakini za bandia ni nyingi. Halisi ina gramu 7.17, dhahabu sehemu 750 kwa 1,000, na dhahabu ya kiwango hicho hailiwi na bahari. Tembo wako akiwa na kijani chochote kinachotoka ndani, si kilichobandikwa na jirani yake wa shaba, mashaka yameanza.

Pima kwa maji. Iweke glasi ya maji kwenye mizani, rudisha mizani sifuri, kisha ining'inize sarafu kwa uzi ndani ya maji isiguse chini wala ukuta. Mizani itaonyesha karibu nusu gramu kama ni dhahabu ya kiwango hicho. Shaba ya njano ya uzito huo itaonyesha zaidi ya 0.8. Yenye ukubwa ule ule lakini gramu nne tu hata maji huhitaji. Fanya hivyo nyumbani, andika namba, halafu ndipo uende kwa sonara, na akishika tupa ili aikwaruze ukingo apate uhakika, mwonyeshe karatasi yako na urudishe sarafu mfukoni.